Kanisa la Mkunazini Litazamwapo Kutoka Unyanyembe

Kanisa Kuu la Kristo lililoko Mkunazini, katika Mji Mkongwe wa Unguja, limekwisha kuandikwa mara nyingi, na karibu kila mara limeandikwa kwa jicho la mtu aliyefika kwa bahari. Msafiri hushuka bandarini, hupita katika vichochoro, hutokea uwanjani, huonyeshwa jengo lenye madirisha ya ncha na mnara wa saa, kisha huambiwa kwamba hapo palikuwa soko la watumwa, na ya kuwa watumwa hao waliletwa kutoka bara. Neno hilo "bara" hupita upesi mno. Bara ni kubwa, na njia zilizoshuka pwani zilikuwa kadha wa kadha, wala hazikuchukua vitu vya namna moja wala watu wa hali moja. Makala haya yamekusudia kulitazama kanisa hilo kutoka mwisho wa pili wa njia mojawapo, iliyo mashuhuri kuliko zote, yaani njia ya kati iliyotoka Ujiji na Unyanyembe hata Bagamoyo.

Mtu akiwa Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui katika Mkoa wa Tabora, yumo katika nchi ya njia hiyo. Jina la Uyui ni la zamani kuliko wilaya yenyewe. Katika karne ya 19 lilikuwa jina la utemi uliopakana na Unyanyembe, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1870 wamisionari Waanglikana wa C.M.S. walikuwa na kituo huko, ambacho kilipokea na kupeleka barua baina ya pwani na Buganda. James Hannington, ambaye aliuawa Busoga mwaka 1885 akiwa askofu, aliugua sana hapo Uyui mwaka 1882. Mwaka huo huo, katika mwezi wa Agosti, alifariki huko Unguja Askofu Edward Steere wa misheni nyingine ya Kianglikana, U.M.C.A., akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa alilolijenga Mkunazini. Watu hao wawili walikuwa ncha mbili za njia moja.

Urefu wa njia hiyo, kutoka Unyanyembe hata Bagamoyo, ulikuwa kiasi cha kilomita 800, na msafara wenye mizigo ulihitaji miezi mitatu hivi kuimaliza, kwa kupita Ugogo, Mpwapwa na Usagara. Mpagazi alichukua begani au kichwani mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 32 au zaidi, mbali na chakula, silaha na chungu chake. Mbele ya wote alikwenda kirongozi, neno ambalo wasafiri wa Kizungu waliliandika "kirangozi" na ambalo katika Kiswahili cha leo limekuwa kiongozi, likapanda cheo mpaka kuwatoshea marais. Maneno mengine ya njia hiyo yamebaki na kazi mpya vile vile. Posho, iliyokuwa chakula au nguo ya kununulia chakula aliyopewa mpagazi, sasa ni fedha apewazo mtumishi anaposafiri. Hongo, iliyokuwa haki ya mtemi kutozwa kwake mgeni apitaye nchini, leo ni rushwa tupu. Na yafaa kukumbuka kwamba walioanza kuitaja kwa uchungu ni wale waliotakiwa kuilipa, si wale walioipokea kwa sheria yao. Merikani, kitambaa kizito kilichosafirishwa kutoka Marekani, kilikuwa fedha ya njia nzima. Lugha ya pwani ilifika Unyanyembe kwa miguu ya watu hao, na kwa miguu hiyo hiyo maneno na habari za bara zilishuka Unguja.

Msafara ulipofika Bagamoyo, mali ilivushwa kwa jahazi hata Unguja. Huko ndiko uliko uwanja wa Mkunazini. Jina ni la mti, mkunazi, ingawa leo watu hulitaja bila kufikiri mti wowote. Soko la watumwa lililokuwa hapo lilifungwa kwa mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, ambao Sultani Barghash bin Said aliutia sahihi baada ya kushurutishwa na Uingereza, balozi wake akiwa John Kirk. Mambo yalikwenda haraka baada ya hapo. Sehemu ya kiwanja ilinunuliwa na kasisi mmoja wa misheni, Arthur West, na sehemu nyingine ikatolewa na mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Senji. Na siku ya Krismasi ya mwaka ule ule wa 1873 jiwe la msingi likawekwa. Si jambo la kawaida mahali pabadilike kazi kwa muda wa miezi sita na nusu tu, kutoka soko la kuuzia watu mpaka msingi wa kanisa.

Wenye kulieleza jengo hili husema ni la Kigothi, na neno hilo lataka maelezo kidogo. Mtindo wa Kigothi ulianza Ufaransa katika karne ya 12, nao hutambulikana kwa tao lenye ncha, mbavu za mawe zinazobeba dari, na nguzo za nje zinazoegemeza kuta, hata kuta zenyewe zikaweza kuwa nyembamba na kujazwa madirisha. Walioujenga hawakuuita Kigothi. Jina hilo lilienezwa karne kadhaa baadaye na Waitaliano, miongoni mwao Giorgio Vasari, ambao waliudharau na kuwanasibisha wajenzi wake na Wagothi, watu waliovamia Roma zamani. Maana yake ya kwanza, kwa hiyo, haikuwa mbali na ile ambayo watu wa pwani waliitia katika neno "kishenzi" walipolitumia juu ya watu wa bara. Waingereza wa karne ya 19 waliufufua mtindo huo na kuufanya alama ya ucha Mungu wa kale, na wamisionari wao wakauchukua kila walikokwenda.

Lakini aingiaye Mkunazini na picha ya kanisa la Kigothi la Ulaya akilini ataona upesi kwamba mambo mengine hayapatani na picha hiyo. Madirisha ni ya ncha, kweli. Na umbo la jengo ni refu, lenye safu za nguzo, kama lipasavyo. Bali dari si ya mbavu. Ni tao moja la mviringo, lililoendelea kutoka mwisho hata mwisho kama nusu ya pipa, na limetengenezwa kwa zege ya saruji na vipande vya matumbawe. Wajuzi wa ujenzi wa wakati ule walilishangaa, na wako waliotabiri kuwa lingeanguka mvua ya kwanza inyeshapo. Halikuanguka.

Sababu ya kuchagua dari ya namna hiyo yafaa kuelezwa, maana hapa ndipo nchi ilipomfundisha mjenzi. Nyumba za mawe za Unguja zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari zake zilichukuliwa na boriti za mikoko. Boriti hazina urefu wa kutosha kuvuka nafasi kubwa. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za Kiarabu na Kiswahili ni virefu na vyembamba, upana wake ukiwa kiasi cha mita tatu au pungufu. Kanisa kuu haliwezi kuwa na upana huo. Mbao ndefu za Ulaya zingeweza kuletwa, lakini mchwa na unyevu wa kisiwani havina heshima kwa mbao. Zege iliyochanganywa na matumbawe ya hapo hapo ilijibu swali. Hata hivyo tao la namna ya pipa husukuma kuta kwa nje katika urefu wake wote, tofauti na dari ya mbavu ambayo hukusanya uzito na kuushusha mahali pachache palipotiwa egemeo. Kwa hiyo kuta za Mkunazini hazina budi kuwa nene, na jengo zima ni zito na la kujikunja kuliko makanisa ya Ufaransa yanayojinyoosha juu. Ramani husemwa kuwa ni ya C. F. Hayward wa Uingereza. Lakini mwenye kusimamia, kupima, na kubuni njia pale ramani iliposhindwa alikuwa Steere mwenyewe.

Tao lenye ncha nalo halikuwa jambo geni pwani. Msikiti mkuu wa Kilwa una matao ya ncha yaliyojengwa karne nyingi kabla ya Mwingereza yeyote kufika, na mihrabu ya Kizimkazi, hapo hapo Unguja, ina maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Fundi mwashi wa Unguja aliyeambiwa mwaka 1874 ajenge dirisha la ncha hakuhitaji kufundishwa tao; alihitaji kuambiwa kipimo tu. Jambo hili lapasa kukumbukwa msafiri anaposimuliwa hadithi ya nguzo fupi zilizoko upande wa magharibi wa kanisa, ambazo zinasemwa kuwa zimesimamishwa kichwa chini, miguu juu, kwa kuwa askofu alikuwa safarini na mafundi hawakujua juu ni wapi. Hadithi hiyo huchekesha wageni, na wenye kuiamini hawaulizi nani aliyejenga Unguja yote iliyobaki.

Husemwa pia kwamba saa ya mnarani ilitolewa na Sultani Barghash, kwa sharti kwamba mnara usipite kwa urefu jumba lake la Beit al-Ajaib. Kama sharti lilikuwa hivyo hasa au lilipambwa baadaye, tendo lenyewe lapatana na desturi za mtawala yule, aliyepokea wageni wa dini zote bila kusahau nani mwenye mji.

Ndani ya kanisa, msikilizaji hufaidi kuliko mtazamaji. Karibu kila kitu kionekanacho humo kina jina lililotoka katika Kiarabu. Kanisa lenyewe, msalaba, madhabahu, mimbari, sala, injili, askofu, kasisi, mnara: yote ni maneno ya asili ya Kiarabu, na baadhi yake, kama mimbari na mnara, yalikuwa maneno ya msikiti pwani hii kabla ya kuwa ya kanisa. Padre peke yake ametoka kwa Wareno. Kiswahili alichokikuta Steere alipofika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer kilikuwa lugha ya Waislamu, yenye msamiati wa ibada uliokamilika, naye hakujaribu kuunda mwingine. Alifanya kwa maneno kama alivyofanya kwa mawe: alichukua ya hapo hapo.

Mfano mmoja wastahili kukaliwa zaidi. Katika Kiswahili cha Waislamu, Mtume ni Muhammad, aliyetumwa na Mungu. Wafasiri wa Kikristo waliwapa jina hilo wanafunzi kumi na wawili wa Yesu na Paulo, wakaliacha neno nabii kwa manabii. Lakini katika kitenzi hicho hicho, -tuma, limetoka pia neno mtumwa, yaani yule atumwaye. Tofauti ya mtume na mtumwa ni ya kiishio tu. Mmoja ana heshima ya aliyemtuma, mwingine hana ila amri. Mwanzoni mwa Waraka kwa Warumi Paulo ajitaja kwa yote mawili, na lugha nyingi za Ulaya haziwezi kuonyesha ujamaa huo, kwa sababu maneno yao hayana shina moja. Katika Kiswahili waonekana wazi, na Mkunazini hapana aliyeweza kuusikia kama fumbo tu. Wako miongoni mwa waumini wa kwanza waliokuwa wametolewa katika majahazi na meli za doria za Kiingereza; walijua mtumwa ni nani.

Mbele ya madhabahu kuna duara la mawe ya marumaru sakafuni, nalo huelezwa kuwa ndipo uliposimama mti ambao watumwa walifungwa wakapigwa. Mgeni huoneshwa mahali hapo, na ni haki aoneshwe. Ila panapofuata maelezo ya asili ya watumwa hao, ndipo "bara" inapoanza kuwa neno la hatari. Katika miaka ya 1860 watumwa waliopita katika forodha ya Unguja kwa mwaka walikadiriwa kuwa karibu 20,000, na walio wengi walitoka Kilwa, yaani kutoka nchi za Ziwa Nyasa na za kusini. Njia ya Unyanyembe ilikuwa kwanza njia ya pembe. Abdul Sheriff, katika kitabu chake cha mwaka 1987 juu ya biashara ya Unguja, ameonyesha jinsi bei ya pembe ilivyopanda kwa kuhitajiwa Ulaya na Marekani, na jinsi njia ya kati ilivyokua kwa sababu hiyo. Nao waliochukua pembe hizo mabegani hawakuwa, kwa sehemu kubwa, watumwa waliofungwa minyororo. Stephen Rockel, aliyewachunguza wapagazi wa karne ya 19 katika kitabu cha mwaka 2006, amewaeleza kuwa ni watu wa kazi ya ujira, wengi wao Wanyamwezi, waliopatana mshahara kabla ya kuondoka, waliogoma mapatano yalipovunjwa, na waliouona urefu wa safari kuwa sifa ya mwanamume. Wanyamwezi walikuwa wakishuka pwani kwa misafara yao wenyewe tangu mwanzoni mwa karne hiyo, kabla Waarabu hawajapanda kwa wingi kwenda kwao. Hata jina lao husemwa walipewa pwani.

Kwa hiyo picha iliyozoeleka, ya mtu aliyebeba pembe huku shingo yake imetiwa kongwa, na pembe na mchukuzi wake vikauzwa pamoja Mkunazini, haiwezi kuwa picha ya njia ya Unyanyembe kwa jumla. Kwa kizazi cha wapagazi, ambacho kingali Uyui, Tabora, Nzega na Sikonge, hili si jambo dogo. Babu aliyekwenda pwani mara tatu kwa ujira na kurudi na nguo na bunduki, sivyo alivyo babu aliyeuzwa. Wajukuu wake wasimamapo uwanjani Mkunazini wakaambiwa kuwa wazee wao walipita hapo kwa kamba, wameongezewa msiba ambao huenda si wao, na wamenyang'anywa habari nyingine iliyo yao.

Wala haifai kuigeuza habari hiyo kuwa ya kujisifu. Watumwa walikuwako Unyanyembe, tena wengi. Waliletwa kutoka Manyema na nchi za maziwa, wakalima mashamba ya Waarabu wa Tabora na ya Wanyamwezi wenye uwezo, na wengi wao walikuwa wanawake. Mpagazi aliyerudi na ujira aliweza kununua mtu kwa ujira ule. Baadhi yao walishushwa pwani pia. Kama sivyo, Barghash asingekuwa na haja ya kutoa amri mwaka 1876 ya kukataza misafara ya watumwa ya nchi kavu. Wakati sheria ya Unguja ilipoondoa hali ya utumwa mwaka 1897, Tanganyika chini ya Wajerumani haikufanya hivyo. Sheria ya kuukomesha huko ilitungwa na Waingereza mwaka 1922. Kati ya kufungwa kwa soko la Mkunazini na sheria hiyo ilipita miaka 49.

Miaka hiyo 24 ya Unguja, kati ya 1873 na 1897, nayo imesahauliwa katika maelezo ya kanisani. Mkataba ulikataza kuuza watu sokoni na kuwaleta kwa bahari; haukumwacha huru aliyekuwa mtumwa. Kanisa lilipokuwa likipanda juu ya uwanja wa soko, utumwa ulikuwa halali nje ya ukuta wake. Neno moja lashuhudia. Kibarua ni barua ndogo, yaani cheti. Kisha likawa jina la mtu wa kazi ya kutwa, kwa kuwa mfanyakazi wa namna hiyo alipewa cheti cha kupokelea ujira wake. Katika Unguja ya miaka hiyo wengi wa vibarua walikuwa watumwa waliokodishwa, na sehemu ya ujira ilikwenda kwa bwana. Kila mtu aliyejenga kwa mawe mjini, sultani, mfanyabiashara au balozi, alijenga katika soko hilo la kazi. Leo kibarua ni mtu huru mwenye dhiki, na anayemwita hivyo hajui ametamka nini.

Upande mmoja wa kanisa kuna msalaba wa mti usio na mapambo. Umetengenezwa kwa mti wa Chitambo, katika nchi iitwayo Zambia sasa, ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone alipofariki mwaka 1873, mwaka ule ule wa mkataba. Kati ya vitu vyote vilivyomo, huu ndio unaoiunganisha Mkunazini na Unyanyembe kwa uhakika. Livingstone aliachana na Stanley huko Kwihara, karibu na Tabora, mwezi wa Machi 1872, akangoja hapo mpaka Agosti wapagazi waliotumwa kwake kutoka pwani walipowasili. Alipokufa, watu hao wakiongozwa na Susi na Chuma waliukausha mwili wake kwa chumvi na jua, wakarudi nao, na mwezi wa Oktoba 1873 wakaingia Unyanyembe. Verney Lovett Cameron, Mwingereza waliyemkuta hapo, aliwashauri waache kuuchukua mwili, wauzike papo hapo. Walikataa.

Yaliyotokea mbele kidogo, mahali paitwapo Kasekera, yanastahili kusimuliwa kuliko kukataa kwenyewe. Ilifahamika kuwa watu wa njiani wasingeruhusu maiti ipite nchini kwao. Wapagazi wakaufunga mwili upya kwa namna ya robota la nguo, ufanane na mzigo wa kawaida wa biashara. Kisha wakatengeneza mzoga wa uongo kwa mabua ya mtama, wakaufunika kama maiti, wakawapa wenzao wachache waurudishe Unyanyembe kana kwamba unakwenda kuzikwa. Usiku ulipoingia, wale wachukuzi waliyatawanya mabua porini, wakarudi kwa njia nyingine. Hivyo Livingstone alipita Ugogo kama merikani, akafika Bagamoyo Februari 1874, na tarehe 18 Aprili akazikwa Westminster, katika kanisa la Kigothi lililo mashuhuri kuliko yote ya Uingereza. Ujuzi uliotumika Kasekera ulikuwa ujuzi wa njia: namna mzigo unavyofungwa, namna unavyotazamwa, na lipi watu hawaulizi. Hapana mgeni ambaye angeweza kuubuni.

Chuma, Myao aliyekombolewa utotoni kutoka mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa mwaka 1861, hakuachana na habari za Mkunazini. Aliporudi Unguja aliingia katika kazi ya U.M.C.A., akaongoza misafara ya Steere kuelekea nchi ya Wayao, ule wa mwaka 1875 na ule wa mwaka 1876 uliowapeleka watu waliokombolewa wakaishi Masasi. Alifariki Unguja mwaka 1882, wiki chache baada ya askofu wake. Mmoja kaburi lake li nyuma ya madhabahu na kila mgeni huoneshwa.

Wageni wengi humaliza ziara yao chini ya ardhi, katika vyumba vya giza vilivyo chini ya jengo la zamani la Mtakatifu Monika, kando ya kanisa, ambavyo huelezwa kuwa ni mahabusi ya watumwa waliongoja kuuzwa. Hapa hapana budi kusema wazi. Jengo hilo lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa, na wanahistoria kadhaa wametilia shaka kwamba vyumba hivyo vilipata kuwekwa mtumwa hata mmoja. Mateso ya soko yalikuwa ya kweli, wala hayahitaji chumba kisicho chake ili yaaminiwe. Na aliyedanganywa juu ya chumba ataanza kutilia shaka na uwanja. Sanamu za Clara Sörnäs wa Uswidi, zilizowekwa uani mwaka 1998, watu watano walio shimoni na minyororo shingoni, zafanya kazi hiyo kwa uaminifu zaidi, kwa kuwa hazidai kuwa kitu kingine ila ukumbusho. Tangu mwaka 2016 pana maonyesho ya historia ya biashara ya watumwa katika jengo hilo la Mtakatifu Monika, nayo yamewapa wageni mengi ya kusoma ambayo zamani waliyategemea kwa kinywa cha mwongozaji peke yake.

Kimebaki kitu ambacho hakimo kanisani wala katika maonyesho. Steere alitoa kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, na hapana mwenye kushughulika na lugha hii asiyekijua. Ni moja ya njia zilizokifikisha Kiunguja katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, kilipochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Lakini Steere alikusanya pia maneno na sarufi za lugha nyingine: Kishambala, Kiyao, Kimakonde, na Kinyamwezi. Kijitabu cha Kinyamwezi kinaeleza katika jina lake kwamba ni Kinyamwezi kama kisemwavyo Unyanyembe. Steere hakufika Unyanyembe kamwe. Ni lazima maneno hayo aliyapata kwa watu wa huko waliokuwa pwani, wale wa pembe na frasila, waliongoja kisiwani au Bagamoyo mpaka msafara wa kurudi upatikane. Walikaa mbele ya Mzungu mwenye kalamu, wakamwambia mmoja na wengi, jana na kesho, kuja na kwenda, naye akaandika. Mgeni atokaye Isikizya akiuliza Mkunazini kama kuna kitu cha kwao katika mahali pale, jibu la kwanza lingefaa kuwa kijitabu hicho, na nakala yake moja ingetosha kabati dogo la kioo, karibu na msalaba.